Mbona Mnatutazama Kutoka Baharini?

Swali hilo hapo juu si langu. Aliliuliza bibi mmoja wa Mkunazini, amekaa kwenye mkeka uani kwake, jioni tuliyompelekea filamu yetu aitazame. Ilikuwa filamu ya makala juu ya asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, pale manowari za Kiingereza zilipolipiga mizinga kasri la Zanzibar. Tulikuwa wanne: mwongozaji, mpiga picha, binti wa sauti, na mimi mhariri. Tuliihangaikia kazi ile miezi saba. Bibi alitazama dakika 24 zote kimya, akaomba maji ya kunywa, kisha akasema, "Wanangu, mmefanya kazi. Lakini mbona mnatutazama kutoka baharini?"

Hatukuwa na jibu. Tulipofika nyumbani tukaipitisha filamu tena, picha baada ya picha, na tukaona kwamba swali lake limegusa kila dakika ya kazi yetu. Nakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu vijana wengi wa Unguja na Pemba siku hizi wameshika kamera na wana hamu ya kuzisimulia vita na misukosuko ya nchi hii. Hamu hiyo naipenda kwa moyo wote. Kosa letu nalo ni jepesi sana kurudiwa.

Vita vyenyewe

Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890. Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Binamu yake Khalid, mtoto wa Sayyid Barghash, akaingia kasri na watu wake bila ridhaa ya Waingereza, ambao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Marehemu alizikwa mchana ule ule, na ilipofika saa tisa mizinga ya kasri ikalia kuutangazia mji kwamba Khalid ndiye Sultan.

Siku mbili zilizofuata manowari ziliongezeka bandarini mpaka zikafika tano: St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow, chini ya Admirali Harry Rawson. Khalid akaambiwa ashushe bendera na atoke kasri kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Asubuhi ile alimpelekea konseli Basil Cave ujumbe kwamba bendera hawaishushi, na kwamba hawaamini kuwa Waingereza watawapiga. Saa tatu na dakika mbili wakapiga.

Ndani ya kasri na viwanja vyake walikuwemo watu wanaokadiriwa kufika 2,800. Walinzi walikuwepo, lakini wengi walikuwa raia, na miongoni mwao watumishi na watumwa. Karibu watu 500, wanaume na wanawake, waliuawa au kujeruhiwa, wengi wao kwa moto ulioyashika majumba. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja wa Thrush, na akapona. Meli ya Sultan, Glasgow, ilijibu mapigo ikazamishwa pale pale bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka.

Picha za sinema za siku ile hazipo. Sinema yenyewe ilikuwa na miezi minane tu: ndugu Lumière waliwaonesha watu waliolipa kiingilio Paris tarehe 28 Disemba 1895. Kwa hiyo mtu anayetaka kuitengenezea filamu asubuhi ile anaanza na picha mnato chache na maandishi. Picha tulizozipata zilionesha kuta zilizobomoka, milingoti ya Glasgow, na mabaharia wa Kiingereza wamesimama kando ya mzinga walioteka. Maandishi yalikuwa taarifa za kijeshi, barua za konseli na daftari za meli. Hapo ndipo tulipojikwaa, na tulijikwaa bila kuhisi chochote.

Saa tisa ni alasiri

Nianze na kosa dogo, maana ndilo lililotufungua macho. Msimulizi wetu, kwa sauti nzito iliyorikodiwa vizuri, alisema katika dakika ya pili: "Ilipofika saa tisa na dakika mbili, mizinga ilianza kunguruma." Bibi alicheka kidogo, bila kejeli. "Saa tisa ni alasiri, wanangu. Watu wanatawadha saa hizo. Vita si vilikuwa asubuhi?"

Tulikuwa tumetafsiri. Muswada wa kwanza mwongozaji aliuandika kwa kusoma makala za Kiingereza, na saa ya Kiingereza ikapita moja kwa moja kwenye kinywa cha msimulizi wa Kiswahili. Sisi wanne, wote wazaliwa wa mji huu, tulilisikia kosa lile mara zisizohesabika kwenye meza ya uhariri na hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi mpaka leo. Tulikuwa tumeshazoea kuvisikia vita vyetu kwa saa ya mtu mwingine.

Kuanzia hapo nikaanza kuzitafuta saa. Watu wote husema vita vya dakika 38, na namba hiyo huandikwa kama kwamba mtu alisimama Forodhani na saa mkononi. Namba inatokana na kuhesabu kuanzia saa tatu na dakika mbili mpaka saa tatu na dakika 40, ambayo ndiyo saa iliyoandikwa kwenye daftari ya Thrush kuwa mizinga ilinyamaza. Lakini daftari ya St George inasema saa tatu na dakika 35. Ya Racoon inasema dakika 41. Philomel na Sparrow zinasema dakika 45. Meli tano zimetia nanga bandari moja, asubuhi moja, na zimeandika miisho minne tofauti. Kila moja ya saa hizo ilikuwa imetundikwa melini. Saa ya waliokuwa kasri haimo katika hesabu.

Filamu yetu ilifunguka kwa herufi kubwa nyeupe: VITA VIFUPI KULIKO VYOTE DUNIANI. Wiki moja kabla ya kwenda kwa bibi tuliionesha kidato cha tatu cha skuli moja ya mjini. Watoto walicheka. Mmoja akasema kwa sauti kwamba babu zetu walichapwa kabla chai haijapoa, na darasa zima likaanguka kicheko. Tulirudi tumefurahi, tukaambiana kwamba filamu imewashika. Ni kweli iliwashika. Kwa muda wa siku nzima tulijisifu kwa kuwafanya watoto wa Zanzibar wavicheke vifo vya watu wa Zanzibar, na sijui tungelielewa lini jambo hilo kama si uani kwa bibi.

Jicho la mpiga mzinga

Sasa lile swali lenyewe. Picha yetu ya kwanza, tuliyoipenda kuliko zote, ilipigwa kwa droni. Inakuja kutoka baharini, chini kabisa juu ya maji, inapita baina ya mashua, inapanda taratibu mpaka uso wa Beit al-Ajaib, moja ya majumba ya kasri, umejaa kwenye kioo. Tuliirusha jioni, jua la magharibi likiupiga ukuta mweupe. Tulitafuta pembe ambayo haioneshi sana sehemu iliyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Kila aliyeiona alisema ni nzuri.

Ni nzuri kweli. Na ni njia ile ile iliyopitwa na makombora. Yanatoka baharini, yanapita juu ya mashua, yanafika ukutani. Tulikuwa tumemkalisha mtazamaji nyuma ya mzinga wa Thrush.

Ukishaliona hilo, unaliona kila mahali. Picha mnato za magofu zilipigwa na watu walioshuka kuja kuangalia matokeo. Ramani tuliyochora ilikuwa na majina ya manowari tano, kila moja na mshale wake, na kasri ni kisanduku kimoja kisicho na jina ndani. Msimulizi alitaja Rawson, Cave na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Zanzibar. Kwa ndani alimtaja Khalid tu, naye akamtaja anapokimbilia ubalozi wa Ujerumani. Katika dakika 24 hakuna mtu hata mmoja aliyeoneshwa akiitazama bahari.

Nimewahi kusikia watu wa fani yetu wakisema kwamba vita vya zamani hufufuliwa kwa wingi wa picha. Mimi sasa naona kazi ya kwanza ni kuamua kamera isimame wapi, kabla ya kununua picha hata moja. Na hapa Mji Mkongwe uamuzi huo una mahali pake hasa. Baina ya Beit al-Ajaib na Makumbusho ya Kasri kuna bustani. Watu wanapita nje yake kila jioni wakienda kula urojo na mishikaki Forodhani. Hapo palikuwa pamesimama Beit al-Hukm, jumba la wanawake wa kasri, na baada ya siku ile halikujengwa tena. Beit al-Sahel la pembeni lilibomolewa pia, na jumba linaloonekana leo lilijengwa mahali pake baadaye. Tulikuwa tumelipita pengo lile kwa droni katika sekunde tatu, na hatukulitaja.

Mlango uliofungwa mara 500

Usiku ule nilikaa kwenye kompyuta na hesabu. Taarifa zinasema yalirushwa makombora kama 500, mbali na risasi 4,100 za bombomu na 1,000 za bunduki. Ukiyagawa makombora 500 kwa dakika 38, ni kombora moja kila sekunde nne na nusu. Najua mizinga haipigwi kwa mpangilio wa namna hiyo. Hupiga kwa pamoja, hunyamaza, huanza tena. Lakini nilitaka nisikie.

Katika filamu ya kwanza tulitumia miripuko tuliyoipakua kwenye intaneti, ile ya sinema za kivita, inayomfanya mtu aruke kitini. Niliiondoa yote. Binti wa sauti alikuwa amerikodi mlango mzito wa mbao ukijifunga kwenye jumba tupu la Shangani: mshindo mmoja, halafu mwangwi mfupi, halafu vumbi la chokaa likimwagika, ambalo ukisikiliza vizuri unalisikia. Nikaupanga mshindo huo mara 500, kila baada ya sekunde nne na nusu. Nikawaita wenzangu, nikazima taa, nikabonyeza.

Dakika ya kwanza mwongozaji alikuwa bado anachezea simu. Dakika ya nne akaiweka chini. Ilipofika ya tisa kila mmoja wetu alikuwa ameacha kuhesabu, na mwili ulikuwa umeshajifunza kungoja: unavuta pumzi, mshindo, unatoa pumzi. Dakika ya 14 mpiga picha aliinuka, akaenda kufungua dirisha, akasimama pale, akarudi kukaa. Kila tulipodhani umekwisha, haujakwisha. Niligundua katika giza lile kwamba kwa muda huo mtu anaweza kushuka ngazi kumtafuta mtoto wake, akamkosa, akapanda tena, akampata, akashuka naye mpaka mlango wa nyuma, na bado ikabaki nusu. Uliponyamaza, hakuna aliyewasha taa.

Herufi nyeupe za VITA VIFUPI nilizifuta kesho yake asubuhi. Hatukutia dakika 38 zote katika filamu mpya, ingawa binti wa sauti alitaka hivyo, na mpaka leo anaamini nilikosea. Huenda ana haki. Niliogopa mtazamaji ataondoka, na filamu iliyotazamwa na viti vitupu haimsaidii marehemu yeyote. Tulitumia dakika mbili na sekunde 20, bila muziki, bila msimulizi, picha moja tu ya madirisha yaliyofungwa.

Sahani ya pili

Tulirudi kwa bibi wiki ile ile, safari hii bila filamu. Tulikwenda na maikrofoni, na mwongozaji alikuwa na karatasi ya maswali, lakini baada ya "shikamoo" na "marahaba" karatasi haikutoka mfukoni. Alisimulia bila kuulizwa.

"Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mtoto siku hiyo, wa kiasi cha kutumwa dukani. Akituambia madirisha yote yalifungwa, wakakaa ukumbini. Ikaanguka sahani ya kidakani, ikavunjika. Mama yake akamchapa, alidhani yeye ndiye aliyeigusa. Halafu ikaanguka ya pili."

Hapo alinyamaza. Sikuwahi kukutana na sentensi nzito kama ile katika maandishi yote tuliyoyasoma. Unaiona mama anavyotazama sahani ya pili, kisha mtoto, kisha mkono wake mwenyewe.

Msomi tuliyekuwa tukishauriana naye alituonya. Masimulizi ya nyumbani, alisema, hayathibitishi chochote juu ya vita. Yanaweza kuwa yametengenezwa upya kila yaliposimuliwa, na mtoto wa umri ule angeweza kuchanganya siku. Onyo lake ni la haki na tulilifuata kwa namna hii: msimulizi wa filamu hakurudia habari ya sahani hata kidogo. Tuliiacha kinywani mwa bibi, na neno lake "akituambia". Kiswahili kinabeba tofauti hiyo vizuri sana. Mtu akisema "akituambia", kila msikilizaji anaelewa kwamba anapokea amana iliyopita mikononi mwa watu wawili au watatu, na ataipima mwenyewe. Balaa huja pale filamu inapochukua "akituambia" ya mzee na kuigeuza kuwa "ilikuwa" ya msimulizi. Nimeona filamu nyingi zikifanya hivyo, na kila mara huwaibia watu wawili: mtazamaji, na mzee mwenyewe.

Tuliacha pia mpango wa kuigiza upya mapigano. Tulishakodi majoho na majambia. Kwa bajeti yetu tungepata wanaume kumi na wawili wakikimbia ngazini, na mtazamaji angehesabu kumi na wawili.

Askari 900

Hapa ndipo tulipogombana, na ugomvi ulikuwa wa kweli.

Filamu ya kwanza ilisema: Waingereza kwa upande huu, Wazanzibari kwa upande huo. Lakini nchi kavu, kwa upande wa Waingereza, walikuwepo askari wa Kizanzibari wapatao 900 chini ya maofisa wa Kiingereza. Na ndani ya kasri, pamoja na waliomuunga mkono Khalid kwa hiari, walikuwemo watumwa ambao hakuna aliyewauliza wanataka kusimama wapi. Amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa mwaka uliofuata, 1897, na Sultan Hamoud, yule aliyewekwa baada ya mizinga kunyamaza.

Mwongozaji hakutaka tuliseme. Hofu yake ilikuwa na msingi. Katika mji huu mtu akitaja masultani na watumwa, wasikilizaji hawasikii 1896; wanasikia Mapinduzi ya 1964, wanasikia babu za nani na nyumba za nani. Alisema filamu itageuzwa kuwa ya upande mmoja au mwingine kabla haijafika dakika ya kumi. Mpiga picha akamjibu kwamba tukilificha tutakuwa tumefanya kile kile tulichokifanya kwa droni, kuchagua pembe isiyoonesha sehemu iliyoporomoka. Walinyamaziana siku mbili.

Nilisimama na mpiga picha, na bado nasimama naye. Filamu ya vita inayowapa Wazanzibari wote upande mmoja inawafanya kuwa umati, na umati hauombolezwi. Tulisema idadi ya askari kwa sentensi moja iliyo wazi, tukawataja watumwa, tukaendelea. Hatukutia muziki wa huzuni hapo wala mtaalamu wa kufafanua. Kasoro iliyobaki, na nakiri ni kubwa, ni kwamba watu hao tumewataja tu. Bibi amepewa dakika nne za kusimulia. Mtumwa wa kasri amepewa neno moja.

Katika toleo jipya tulitia jambo jingine ambalo la kwanza halikuwa nalo, nalo ni yaliyofuata. Uporaji ulioingia mtaa wa Wahindi, watu kama ishirini wakafa, mpaka wakaletwa askari 150 wa Kisikh kutoka Mombasa kulinda mitaa. Na fidia: waliomuunga mkono Khalid walilipishwa gharama, pamoja na bei ya makombora waliyopigwa, na hesabu yote, pamoja na hasara za uporaji, ilifika rupia 300,000. Sentensi hiyo ya bei ya makombora tuliiweka juu ya kioo cheusi kwa sekunde nane. Katika kila onesho watu huguna hapo.

Khalid mwenyewe tulimtoa kwa maji. Alikaa ubalozi wa Ujerumani mpaka tarehe 2 Oktoba, na Waingereza wakamngoja nje ili akanyage tu ardhi ya Zanzibar wamkamate. Bahari ilipojaa, mashua ya meli ya Kijerumani Seeadler ikaja mpaka mlango wa bustani ya ubalozi, akapanda bila kugusa mchanga, akapelekwa Dar es Salaam. Tulingoja bamvua kupata picha ile: maji yanapanda ngazi ya mawe, kidato baada ya kidato, bila mtu yeyote. Waingereza walimkamata mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na akafia Mombasa mwaka 1927.

Tarehe 27 Agosti, saa tatu

Kulikuwa na jambo la upepo pia. Ami yake mpiga picha, nahodha mstaafu wa jahazi kutoka Malindi, alitazama toleo la kwanza kwenye simu na kusema, "Bendera yenu inapepea kaskazi." Tulipiga picha ya bendera nyekundu mwezi wa Januari. Agosti ni kusi. Bendera huelekea kaskazini, na moshi vile vile. Hakuna mtoto wa skuli ambaye angeligundua hilo, lakini kila mtu wa bandarini angeligundua, nao ndio watu tuliotaka watuamini.

Basi tulingoja Agosti. Asubuhi ya tarehe 27, kwa ruhusa ya wenye nyumba, tuliweka kamera kwenye dirisha la ghorofa ya pili upande wa bahari, kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Hakuna droni. Na hapo tukajifunza kitu ambacho kitabu hakikutuambia. Saa tatu asubuhi jua liko nyuma ya mji. Nyuso za majumba zote ziko kivulini, ila bahari inang'aa, na chombo chochote kilichotia nanga kinaonekana wazi kabisa, mpaka kamba zake. Boti ya Dar es Salaam ilikuwa inatoka. Tuliona watu waliosimama sitahani, tuliona mmoja ameshika mwavuli. Aliyekuwa dirishani asubuhi ile ya 1896 aliziona manowari tano namna hiyo. Picha yetu ya jioni, ya ukuta mweupe unaowaka jua, ilikuwa imemnyima mwanga wake.

Mpiga picha aliliacha dirisha wazi mpaka saa tatu na dakika mbili. Kisha akanyoosha mkono akalifunga. Picha inaishia gizani, na michirizi miwili ya mwanga kwenye ubao. Kutoka hapo inaanza sauti ya mlango wa Shangani.

Tulimpelekea bibi filamu mpya mwezi wa Oktoba. Sasa ina dakika 41. Safari hii alikuwa na majirani, wanawake saba au wanane, na watoto waliokatazwa kupiga kelele na wakatii wenyewe ilipofika sehemu ya mishindo. Ilipokwisha, bibi aliomba turudishe nyuma mpaka kwenye dirisha. Tukarudisha. Akaomba tena. Tukarudisha tena.

"Mjukuu wangu," akamwambia mpiga picha, "dirisha kubwa la zamani halifungwi hivyo. Unafunga ubao mmoja, unatazama nje, halafu ndiyo unafunga wa pili. Wewe umefunga yote kwa pamoja kama mtu ambaye hana aliye nje."

Mpiga picha alimwuliza kama anaweza kutumia dirisha lake yeye, na mkono wake yeye. Bibi akatazama mikono yake, akasema atie hina kwanza. Kesho yake, saa tatu kasoro robo, kamera ilikuwa Mkunazini.